Rejeta ya motohomu ya dizeli: kuosha, kupuliza au kuishusha?

Mwenye motohomu (gari lenye makazi ndani) ya dizeli yenye injini nyuma akifungua mlango wa nyuma na kumulika rejeta, mara nyingi huona mapezi (vibati vyembamba vya kutolea joto) safi akaridhika. Upande ule anaoutazama ndiko hewa inakotokea kwenda nje. Uchafu umelala upande wa pili, unaotazamana na feni, na mwingi wake haujafika hata kwenye rejeta yenyewe; umenasa kwenye intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye tabo (mashine inayoisukumia injini hewa), iliyopangwa mbele yake. Ndiyo maana kabla ya kubishana ni sabuni gani au mashine gani, sharti ujue hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Njia zote ninazozilinganisha hapa, nzuri na mbaya, zinategemea jambo hilo moja.

Rejeta imekaa wapi

Kwenye rejeta ya nyuma, feni kwa kawaida huzungushwa na injini yenyewe. Inavuta hewa inayopita chini na pembeni mwa injini, inaisukuma kupitia intakula, kisha rejeta, kisha nje. Hewa hiyo imekwisha kubeba vumbi linalorushwa na magurudumu ya nyuma, tena imekwisha kupashwa moto na injini. Juu ya hayo lipo bomba la kupumulia la injini, lile linalotoa mvuke wenye chembechembe za oili kutoka ndani ya injini. Katika magari mengi ya zamani bomba hili huishia mbele ya feni au karibu nayo. Vumbi kavu peke yake lingepeperuka. Likishalowa oili linakuwa utando mweusi unaonata, na kila safari inaongeza tabaka jingine. Kwenye rejeta ya nyuma, tatizo hasa ni oili. Vumbi linafuata tu.

Rejeta ya ubavuni hukaa pembeni, nyuma ya gurudumu la nyuma, na feni yake huendeshwa kwa haidroliki. Kwa kawaida hewa inavutwa kutoka nje kuja ndani. Uchafu basi hukaa upande wa nje, mbele ya macho yako: majani, nyuzi za mimea, wadudu, vumbi. Unafungua mlango mdogo, unapiga maji, na mara nyingi kazi imekwisha. Lakini feni ya haidroliki ina pampu yake, oili yake, kichujio chake na kihisio kinachoiamuru izunguke polepole au kwa kasi. Kimoja kikiharibika, injini itachemka hata kama rejeta ni safi kama mpya, na vipuri vyake ni ghali kuliko mkanda wa kuzungushia feni. Kwa hiyo mwenye rejeta ya ubavuni asikimbilie sabuni. Aanze kwa kuhakikisha kwamba feni inapanda kasi joto linapopanda, na kwamba oili ya haidroliki na kichujio chake vimebadilishwa kwa wakati.

Motohomu zilizojengwa juu ya magari kama Fiat Ducato au Mercedes-Benz Sprinter zina rejeta mbele kama gari jingine lolote, na mbele yake imekaa kondensa ya kiyoyozi. Huko adui ni wadudu na vijiwe vinavyopinda mapezi. Usafi wake ni mwepesi, na sitaurudia tena.

Anayetafuta gari la kununua, na anajua atapanda milima mirefu, namshauri achukue la rejeta ya ubavuni. Akipata la rejeta ya nyuma lililo zuri kwa mengine yote, asiliache kwa sababu hiyo. Aingize tu uoshaji wa rejeta katika ratiba ileile ya kubadili oili, na siku ya kulikagua aingize taa na kioo kidogo upande wa feni. Muuzaji anaweza kupolisha gari zima kwa nje, lakini ni wachache wanaokumbuka kusafisha intakula.

Je, tatizo ni uchafu kweli?

Joto likipanda mlimani si lazima mapezi yawe yameziba. Thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) iliyokwama, pampu ya maji iliyochoka, mkanda unaoteleza, mfuniko wa rejeta usioshika presha, mirija iliyoziba kwa ndani: kila kimoja hupandisha sindano ileile ya joto. Kipo kipimo ninachokipa uzito kuliko vingine, kwa sababu hakihitaji kufungua hata nati moja. Injini za dizeli zenye kompyuta hutoa namba mbili, yaani joto la kulanti (maji yenye dawa yanayopoza injini) na joto la hewa inayoingia kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) baada ya kupita intakula. Kifaa cha kusomea kompyuta ya injini kitakuonyesha zote mbili. Pale intakula na rejeta zinapofuatana, zinatumia hewa moja. Namba zote mbili zikipanda pamoja kupita kawaida yake, hewa haipiti: mapezi yameziba au feni imezembea. Ikipanda ya kulanti peke yake huku ya manifoldi ikibaki palepale, uchafu wa nje haupewi lawama ya kwanza. Anza na thamostati, pampu na ndani ya mirija.

Ili kipimo hicho kikusaidie, andika namba za gari lako likiwa zima, kwenye barabara tambarare na kwenye mpando. Thamostati nyingi za injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi, kwa hiyo joto la eneo hilo si ugonjwa.

Kipimajoto cha miale nacho kina kazi yake. Injini ikiwa na moto, pitisha mwale wake kwenye uso wa rejeta kutoka upande wa maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Joto linapaswa kupungua taratibu. Ukikuta kipande kimoja kimepoa ghafla katikati ya vyenye moto, mirija ya hapo imeziba kwa ndani, na hakuna sabuni ya nje itakayoifungua.

Dalili nyingine ya intakula chafu ni moshi mweusi na gari kukosa nguvu mlimani, hata kabla joto la kulanti halijatisha. Hewa yenye moto ni nyepesi, na injini inapata oksijeni pungufu kwa dizeli ileile. Hapa usichanganye intakula chafu na intakula inayovuja. Inayovuja hupimwa kwa kuifunga pande zote mbili na kuijaza hewa hadi psi 30, kama bar 2 hivi, kisha kuangalia geji: ikishuka zaidi ya psi 5 hadi 7 ndani ya sekunde 15, kulingana na mtengenezaji, inahitaji fundi.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Motohomu kubwa hukaa juu ya mifuko ya hewa. Mfuko ukipasuka au ukiachia hewa, gari lote linashuka ghafla kwenye chasisi, na aliye chini hana nafasi ya kujiokoa. Jeki za kusawazishia gari si kinga. Weka magogo imara au stendi za kubeba uzito huo chini ya chasisi yenyewe, zuia magurudumu yasisogee, toa ufunguo na uondoke nao mfukoni. Injini iwe imepoa kabisa. Kama huna vifaa vya kutegemeza gari, fikia upande wa feni kwa kupitia mfuniko wa injini ulio chumbani ndani ya gari. Magari mengi yenye injini nyuma yanao chini ya kitanda au sakafuni, na unaweza kuosha sehemu kubwa ya intakula kutokea hapo juu bila kulala chini.

Maji mengi dhidi ya maji yenye nguvu

Wenye magari hubishana sana kuhusu mashine ya presha, na msimamo wangu ni kwamba isikaribie rejeta. Mapezi ni vibati vyembamba vya alumini. Mkondo mkali ukiyapiga kwa mshazari yanalala, na pezi lililolala linaziba hewa sawasawa na tope. Kuna mafundi wanaoitumia kwa ustadi, wakiwa mbali na wakielekeza maji moja kwa moja bila mshazari. Hata hivyo kwenye rejeta ya nyuma inabaki hasara ya pili, ambayo wengi hawaifikirii. Kati ya intakula na rejeta kuna upenyo mdogo. Ukipiga presha kutokea upande wa feni, unalisukuma lile tope lenye oili lipite intakula na kwenda kutulia kwenye uso wa rejeta, ndani ya upenyo ambao mkono hauingii. Gari linaondoka limemetameta, na joto linapanda kuliko jana.

Hozipaipu ya kawaida ni polepole lakini ndiyo ninayoichagua kwa kazi hii, ikiwa na bomba refu jembamba lililopindwa mwisho ili kufikia kona za juu. Kinachong'oa uchafu ni sabuni na muda, na maji yanakuja kuuchukua. Kwa hiyo unahitaji maji kwa wingi, hata kama hayana kasi. Kwenye rejeta ya nyuma nafuata mpango huu. Funika altaneta, mdomo wa kuingizia hewa ya injini na viunganishi vya umeme kwa mifuko ya plastiki. Nyunyiza dawa ya kuondoa grisi kwenye uso wa intakula ulio upande wa feni, ienee hadi pembe zote, na uiache ikae dakika 10 hadi 15 bila kukauka. Suuza kwanza kutokea nyuma, yaani kinyume na mwelekeo wa hewa, ili uchafu urudi ulikoingilia. Kisha suuza kutokea upande wa feni kwa maji mengi. Rudia. Mara ya kwanza maji yatatoka meusi, mara ya pili kahawia. Usiache hadi yatoke masafi, na hadi mkondo unaoupiga upande mmoja uonekane ukitoka upande wa pili ukiwa umeenea bila kukatika. Mapezi machache yaliyolala yanyooshwe kwa kitana maalumu cha mapezi, taratibu.

Kompresa ina nafasi moja nzuri: vumbi kavu, nyuzi za mimea na majani kwenye rejeta ya ubavuni. Puliza kutokea ndani kwenda nje, presha ikiwa ndogo, miwani na barakoa vikiwa usoni. Kwenye uchafu wenye oili, kupuliza ni kupoteza muda. Vumbi la juu litaruka na utando ubaki umeshikilia palepale, huku ukidhani umemaliza.

Kushusha rejeta na intakula kabisa ndiyo njia pekee ya kusafisha ule upenyo wa katikati kwa uhakika. Ni kazi nzito. Kulanti yote inamwagwa, mabomba ya tabo yanafunguliwa, wakati mwingine hata kondensa ya kiyoyozi na kipoza oili vinatolewa. Kwa gari ambalo halijawahi kuoshwa tangu litoke kiwandani na tope limeshajaza katikati, sioni njia ya mkato. Lipe kazi hiyo mara moja, kisha utaendelea na hozipaipu kwa miaka mingi. Kwa gari linaloshughulikiwa kila mwaka, kushusha ni gharama isiyo na sababu. Ukiamua kushusha, badilisha palepale hozi kuukuu, mikanda, thamostati na klipu, kwa sababu gharama ya kufungua umekwisha kuilipa. Na muulize fundi atatumia nini kwenye beseni lake. Dawa za moto zilizotengenezwa kwa rejeta za zamani za shaba zinaweza kuila alumini.

Sabuni ipi

Alumini haipendi alkali kali wala asidi. Dawa nyingi za bei nafuu za kuondoa grisi zina kostiki soda, na kazi yake ya haraka inavutia sana: povu, tope linateremka, mapezi yanageuka meupe. Ule weupe ni alumini inayoliwa. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Ukiona sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda yenyewe, au potasiamu haidroksaidi, iache kwa ajili ya sakafu ya gereji. Dawa za kusafishia rimu zenye asidi ziachwe vilevile.

Kati ya zilizo salama, sabuni ya kuoshea vyombo inatosha kwa utando mwepesi na kwa rejeta ya ubavuni. Kwa utando wa oili uliokomaa, dawa zinazotengenezwa kwa ajili ya ndege, kama Extreme Simple Green, zinastahili bei yake, kwa sababu zimeundwa zisidhuru alumini. Zina kasi ndogo kuliko kostiki, na huenda ukapiga mara tatu pale ambapo nyingine ingepigwa mara moja. Mimi nachagua mara tatu. Yoyote utakayotumia isikaukie kwenye mapezi, na isuuzwe hadi povu la mwisho liishe.

Ukimaliza, toa mifuko ya plastiki, kisha washa injini izunguke hadi ipate moto ili maji yaliyonasa yakauke. Maji yakibaki, vumbi la kwanza barabarani litashika juu yake.

Kuosha kila mwaka au kuzuia oili?

Hapa ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Kama bomba la kupumulia linaishia mbele ya feni, lirefushe kwa hozi inayostahimili oili na joto, ulipeleke chini hadi nyuma ya eneo ambalo feni inavuta hewa. Kwenye sehemu zake zote literemke tu, lisifanye bonde. Maji ya mvuke yakikusanyika kwenye bonde na kuganda wakati wa baridi, bomba linaziba, presha inajaa ndani ya injini na sili zinaanza kuvujisha oili. Kwa sababu hiyohiyo usilifunge kwenye chupa isiyo na tundu. Chupa ya kunasa oili inafaa, mradi ina njia ya kupumua na unaimwaga kabla haijajaa.

Injini nyingi zilizotengenezwa kufuata masharti ya moshi ya Marekani ya mwaka 2007 zina kichujio cha mvuke huo. Kwenye hizo uchafu hupungua sana, ila kichujio kinahitaji kubadilishwa, na mara nyingi hakijulikani hata kama kipo. Nikilazimika kuchagua kati ya dawa bora ya kusafishia na kurekebisha bomba la kupumulia, nitaanza na bomba. Kagua pia sili ya kreki (mhimili mkuu wa injini) na viungo vya tabo. Oili inayovuja hapo inafika palepale kwenye intakula.

Ndani ya mirija: kulanti ya kawaida au ya muda mrefu

Zote mbili kwa kawaida huwa na ethilini glikoli. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji haigandi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na mfuniko unaoshika presha hupandisha kiwango cha kuchemka mbali juu ya nyuzi 100. Kuongeza glikoli zaidi hakuongezi usalama. Glikoli tupu huganda kwenye nyuzi kama 13 chini ya sifuri, na hubeba joto kidogo kuliko maji. Maji yenyewe yawe yale ya kukenekwa, kama yanayotiwa kwenye betri, kwa sababu chumvi za maji ya bomba hujenga magamba ndani ya mirija.

Tofauti ipo kwenye kinga ya kutu. Kulanti ya kawaida hutumia viambato vinavyoisha, hivyo hubadilishwa baada ya miaka 2 hivi, na kwenye injini zenye slivu (kuta za silinda zinazotoka) zinazoguswa na maji inahitaji kiongezeo cha ziada. Kila dizeli inapolipuka ndani ya silinda, slivu hutetemeka. Vipovu vidogo vya mvuke huzuka kwenye ukuta wake wa nje na kusinyaa kwa nguvu, vikichimba chuma hadi kitoboke. Kiongezeo huweka ngozi nyembamba inayokinga. Cummins ya lita 8.3 ina slivu za aina hii, wakati ile ya lita 5.9 ya familia ya B haina. Kiwango hupimwa kwa vijiti vya karatasi vinavyobadilika rangi. Kikipungua, slivu zinaliwa. Kikizidi, mabaki huganda kama uji na kuziba mirija. Usiongeze kwa kukisia.

Kulanti ya muda mrefu, inayotumia asidi za kikaboni, haihitaji hesabu hiyo. Nyingi za magari makubwa hutajwa kudumu miaka 6, zikitiwa kirefusho (dawa ya kuongeza muda wake) katikati ya muda. Motohomu husimama miezi mingi, hivyo miaka itafika kabla ya kilomita, na mimi ningeichagua hii kwa sababu ina mambo machache ya kusahau. Sharti lake ni kutochanganya. Caterpillar, kwa mfano, huelekeza kulanti ya kawaida isizidi asilimia 10 ndani ya ile ya muda mrefu, la sivyo faida yake inapotea. Rangi isikudanganye, kwa kuwa watengenezaji hawana mkataba mmoja wa rangi. Beba galoni ya akiba ya kulanti ileile iliyomo garini.

Anayehama kutoka moja kwenda nyingine asuuze mfumo mzima, pamoja na mabomba marefu yanayopeleka joto mbele kwa dereva na kwenye hita ya maji, vali zake zikiwa wazi. Maji ya kusuuzia hayatoki yote. Kwa hiyo tafuta ujazo kamili kwenye kitabu cha gari, tia kwanza kulanti isiyochanganywa kiasi cha nusu ya ujazo huo, ndipo umalizie kwa maji ya kukenekwa. Endesha gari lipate moto, liache lipoe, kisha pima kwa refraktomita (kipimo cha kiasi cha glikoli) na urekebishe. Kulanti kuukuu ikusanywe kwenye madumu yenye mfuniko na kupelekwa inakopokelewa taka za oili na kemikali. Ina utamu unaowavuta mbwa, na kiasi kidogo tu kinaua mbwa hata paka.